Alama Mbili Juu ya Mzinga

Mama Nyamizi aliingia karakanani bila hodi, mfuniko wa mzinga kichwani kama sinia la vitumbua, akapita katikati ya mabati yaliyoning'inizwa mpaka pale aliposimama Kalunde na bastola yake ya kupulizia rangi ya unga.

"Zima hicho kitu," alisema.

Kalunde akazima. Kompresa ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Unga mweupe uliokuwa bado hewani ulisita kidogo, kisha ukalikimbilia bati lililofungwa waya wa ardhini, ukaling'ang'ania punje kwa punje, kama watoto wanavyomkimbilia mama yao aliyerudi safari. Miaka miwili ya kazi, na bado Kalunde hakuwa amechoka kulitazama jambo hilo. Leo hakupewa nafasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii ni nini?"

Mfuniko uliwekwa mezani kwa kishindo. Kidole cha Mama Nyamizi, kigumu kwa miaka thelathini ya kufuga nyuki, kiligusa alama ya kwanza: mistari mitatu na nukta, alama ya ukoo wake tangu enzi za mizinga ya magogo, kabla magogo hayajakatazwa ili misitu ipone. Kisha kikagusa ya pili: jua dogo lenye miale sita.

"Huo ni muhuri wetu," alisema Kalunde. "Tuliugonga kwenye kila mzinga tuliopaka. Mia nne na kumi na miwili."

"Nani aliwaambia mgonge?"

"Hakuna, mama. Ni tangazo tu. Watu wajue kazi ni ya nani."

Mama Nyamizi alicheka mpaka akashika meza. "Tangazo! Haya, binti wa chuo. Wewe si wa Kapilula wewe?"

"Nimezaliwa Kapilula, lakini nimekulia Tabora mjini."

"Basi ndiyo maana. Sikia nikwambie kilichoachwa nje ya vitabu vyenu. Msituni kwetu, anayetia alama kwenye mzinga anasema hivi: ukijaa niiteni, na ukifa niiteni. Ulipojaa hatukuwaita, maana tulijua hamjui mlilolifanya. Tulikula asali yenu, tukanyamaza." Alifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga, na alipoiondoa kanga usoni, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Sasa inakufa, mwanangu. Alama ni mbili. Yangu imeshahudhuria. Yako njoo nayo."

Kalunde alitazama ukutani, kwenye ubao uliochorwa kwa herufi za buluu: UNGA WA KIVULI. PAKA MARA MOJA, USAHAU. Maneno yale aliyatunga yeye mwenyewe. Chini yake ilikuwa kalenda, na siku ya Ijumaa, siku tatu mbele, ilizungushiwa duara jekundu. Siku ya mkaguzi atakayeupa unga cheti.

"Nenda," sauti ilisema kutoka mlangoni mwa ofisi. Alikuwa Mwalimu Ndalahwa, aliyemfundisha Kalunde kemia chuoni na baadaye kumwajiri, mtu mwembamba ambaye nyusi zake hazikuwahi kuota sawasawa tangu tanuri lake la kwanza lilipomlipukia. "Nenda ukaone ni ugonjwa gani. Labda ni chawa wa nyuki. Lakini Alhamisi uwe umerudi, binti. Ijumaa ni yetu."

*

Walisafiri kwa guta la umeme, Mama Nyamizi akiwa amekaa nyuma juu ya magunia na kulalamikia kila shimo kana kwamba Kalunde ndiye aliyelichimba. Jua lilikuwa linazama walipofika Kapilula. Kalunde alilala kwa dada yake, Milembe, mkunga wa zahanati ya kijiji, ambaye nyumba yake ilitenganishwa na chumba cha kujifungulia kwa ua wa minyaa tu.

Walikula ugali na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyoungwa karanga. Milembe alikula haraka, sikio moja likiwa upande wa zahanati, kama kawaida yake.

"Mkaguzi anakuja kweli Ijumaa?"

"Anakuja."

"Ataweka sahihi?"

"Dada, sijui. Kuna tatizo la nyuki."

"Nyuki!" Milembe aliweka tonge chini. "Kalu, mwaka jana mwezi wa kumi chumba changu kilifika nyuzi arobaini na moja. Nilimviringisha mtoto wa watu kwenye kanga iliyoloweshwa, kama mtu anayehifadhi mchicha usinyauke. Alipona. Wa pili, wa mama yule wa Usagali..." Hakumaliza. Alilichukua tonge akalibonyezabonyeza bila kulila. "Kwenye orodha yenu sisi ni wa kwanza kuezekwa mabati yenu yasiyoshika joto. Nimeiona kwa macho yangu. Nifanyie hilo moja tu, mdogo wangu. Huyo mtu aweke sahihi."

Kalunde alisema atajitahidi. Ndilo neno lililokuja.

Asubuhi, kabla jua halijachomoza, Mama Nyamizi alimpeleka kwenye ukingo wa mbuga. Mizinga ya bati ilining'inia kwa waya kati ya miti, kimo cha kifua, safu baada ya safu. Kalunde aliikumbuka vizuri. Oktoba iliyopita walikuja hapa na bastola ya unga na betri kubwa. Rangi za unga za zamani zilihitaji tanuri la nyuzi mia mbili, na mzinga wenye nta ndani haupelekwi tanurini. Unga wa Mwalimu Ndalahwa uliyeyuka na kushikana kwa joto la kiganja tu. Basi waliziba milango ya mizinga kwa nyasi kwa saa moja, wakafunga waya wa ardhini, wakapuliza. Na nyuki wenyewe, kwa joto lao kutoka ndani, wakaukausha. Watu walicheka sana siku ile. "Nyuki wamejipaka rangi!" Na wiki ile ile, kwenye jua la kukaanga mayai, nta haikudondoka hata tone.

Sasa ulikuwa mwezi wa saba. Miti ilikuwa imepukutisha majani, na juu ya mizinga anga lilikuwa wazi, jeupe kwa baridi. Kila mfuniko ulimeremeta kwa umande kama uliopakwa mafuta. Isipokuwa katikati. Katikati ya mfuniko wa kwanza palikuwa na duara kavu.

"Hapo pakavu ndipo walipo," alisema Mama Nyamizi. "Wamejikusanya chini yake wanapashana moto. Mwezi wa tano palikuwa pana kama sinia. Wa sita, sahani. Leo unapaonaje?"

Kalunde aliweka kiganja juu ya duara. Vidole vyake vilizidi ukingo pande zote.

"Kisosi," alisema.

"Twende kwa jirani yake."

Mfuniko wa jirani ulikuwa na umande kila mahali. Mama Nyamizi aliufunua bila bomba la moshi, bila glavu, na Kalunde alielewa kabla hajachungulia. Ndani, nyuki walikuwa kwenye masega, wamekufa, kila mmoja amechomeka kichwa ndani ya tundu tupu mpaka mabegani, akitafuta tone la mwisho.

"Wamekufa kwa njaa," Kalunde alinong'ona. "Si ugonjwa. Wanakula asali ili wapate joto, na sisi..." Aligusa rangi nyeupe ya mfuniko. "Mama, ule unga una punje kama za kioo. Zinalichukua joto la bati na kulitupa angani, kwa mwanga usioonekana ambao hewa haiuzuii. Ndiyo maana bati linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Lakini haujui mchana wala usiku, haujui Oktoba wala Julai. Unatupa tu. Tulipoujaribu kulikuwa na joto na majani juu. Sasa majani hayapo, mawingu hayapo. Mzinga unatazamana na anga uso kwa uso usiku kucha."

"Yaani ni sawa na kumpa mtu kuni kila siku, naye nyumba yake haina paa."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo, mambo ya vioo ya nini."

Walipita mzinga hadi mzinga. Kisosi. Kisosi. Umande mtupu. Sahani ndogo. Umande mtupu. Kalunde aliandika kila mmoja kwenye daftari, na kwenye kila mfuniko jua lake dogo lenye miale sita lilimwangalia. Ni yeye, si mwingine, aliyesimama hapa Oktoba akawaambia watu wazima wenye akili zao kwamba sasa wanaweza kusahau.

Mwisho wa safu, karibu na njia, alisimama ghafla. Mzinga huu ulikuwa na duara pana kama ungo, umande umebaki kwenye pembe tu, na kwa ndani mlisikika mngurumo mnene, wenye afya.

"Huu mbona mzima?"

"Upi? Ah, huo naanikia jamvi langu la karanga. Jioni nalitupa hapo juu, asubuhi nalichukua. Leo nimelitoa mapema, lile pale mtini."

Kalunde alimtazama. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka papo hapo, mpaka Mama Nyamizi akasogea nyuma hatua moja.

"Umeshikwa na nini wewe?"

"Jamvi, mama! Jamvi tu! Mzinga ukifunikwa hauoni anga. Usipoona anga, hauna pa kulitupa joto. Unahitaji kofia tu, kama ile tunayovaa juani. Kipindi cha baridi uvae, kipindi cha joto uvue."

"Kinyume cha watu."

"Kinyume cha watu."

Mama Nyamizi alilitazama jamvi lake lililochakaa kwa heshima mpya. "Na miezi yote hii nilikuwa natibu mzinga bila kujua. Ningetoza hela."

*

Alhamisi jioni, ofisini, Mwalimu Ndalahwa alisikiliza mpaka mwisho, daftari la Kalunde likiwa limefunguliwa mbele yake. Hakumkatiza. Alipomaliza, mwalimu alinyanyuka, akaenda dirishani.

"Mingapi?" aliuliza.

"Niliyoihesabu mwenyewe, kumi na tisa imekufa. Wengine wanaendelea kuhesabu."

"Na jamvi linatosha?"

"Linatosha. Nimemwachia Mama Nyamizi guta, anazunguka msituni na wenzake. Nimerudi kwa lifti ya lori la tumbaku."

Mwalimu alirudi mezani akavuta fomu ya ukaguzi. Ilikuwa na maswali kumi na moja. Alimgeuzia. "Soma. Joto la mchana, joto la adhuhuri, jua la siku tisini. Hakuna swali hata moja la baridi. Walioiandika walikuwa wanaogopa joto, na wana haki, joto ndilo linaloua watu wetu." Alizungumza taratibu, kama alivyokuwa akieleza fomula ubaoni. "Hatutadanganya, binti. Tutajibu tulichoulizwa. Ijumaa anaweka sahihi. Jumamosi tunapeleka majamvi kila mahali, kimyakimya, kwa gharama yetu. Nyuki wanapona. Zahanati zinaezekwa kabla ya Oktoba. Nionyeshe ni nani hapo ameumia."

Kalunde alitafuta aliyeumia na hakumpata upesi. Hilo ndilo lililomtisha. Alimwona Milembe akibonyeza tonge. Aliona kanga mbichi. Kanuni ya ukaguzi aliijua kwa moyo: unga mmoja, cheti kimoja, ukikutwa na kasoro, unasubiri mwaka mzima. Mwaka mzima maana yake Oktoba nyingine kwenye chumba kile.

"Orodha ina vijiji arobaini, Mwalimu," alisema hatimaye. "Vingine viko milimani, huko baridi ni kali kuliko Kapilula. Watapaka mizinga, watapaka mabanda ya vifaranga, watapaka vyumba vya watoto."

"Tutawaambia."

"Lini?"

"Baadaye. Tukishasimama imara."

"Na muhuri wetu tutawagongea?"

Mwalimu aliigeuza fomu kifudifudi. Jua la jioni lilipita dirishani likamwangukia usoni, na Kalunde aliona kwamba mtu huyu alikuwa amezeeka ndani ya saa moja. Miaka kumi na moja ya kazi. Alimpenda kama baba, na alitamani mno angekuwa mtu mbaya, ili jambo hili liwe rahisi.

"Nenda ukapumzike," mwalimu alisema. "Na umkumbuke dada yako."

"Ndiye ninayemkumbuka," alisema Kalunde. "Yeye huwa anawaambia akina mama ukweli hata ukiwa mchungu. Ndiyo maana wanamwamini wanapoambiwa wasukume."

*

Mkaguzi, Bi Zuhura Maganga, alifika saa tatu kamili asubuhi na chupa yake ya chai ya tangawizi, vipimajoto vitatu vya kwake mwenyewe, na viatu vya mtu aliyezoea kupanda mapaa. Adhuhuri alipima bati juani: nyuzi ishirini na sita, na hewa ilikuwa ishirini na tisa. Alipima tena kwa kipimajoto cha pili, kwa sababu hakukiamini cha kwanza, akatikisa kichwa kwa furaha isiyojificha.

"Mwalimu, nimekagua rangi miaka kumi na minane. Hii ni ya kwanza kunifanya nitamani kuezekewa nyumba." Alikaa, akafungua fomu, akajaza swali la kwanza mpaka la kumi na moja bila kuinua kichwa. Kalamu ilisimama juu ya mstari wa sahihi. "Kuna la ziada? Huwa nauliza, wala hawajibugi."

Mwalimu Ndalahwa alitazama mikono yake.

"Lipo," alisema Kalunde.

Alikuwa ameandaa maneno mazuri usiku kucha na hakuna hata moja lililokuja. Badala yake alikwenda kwenye kabati, akatoa mfuniko wa Mama Nyamizi, akauweka juu ya fomu, na kumweleza mkaguzi kuhusu umande, na kisosi, na vichwa vilivyochomekwa kwenye matundu matupu, na jamvi la karanga. Alimwonyesha daftari. Alimwonyesha alama ya kwanza na ya pili, na maana ya kuwa mbili.

Bi Zuhura alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Chai ilipoa.

"Fomu yangu haikuuliza hili," alisema.

"Haikuuliza," alisema Mwalimu Ndalahwa, na sauti yake ilikwaruza. "Nami nilimwambia asijibu asichoulizwa. Andika hilo pia, Bi Mkaguzi. Aliyesema nyamaza ni mimi, na aliyekataa ni yeye. Mwanafunzi wangu."

Kalunde alimgeukia. Mwalimu hakumtazama, lakini kidevu chake kilikuwa kimenyanyuka, na palikuwa na kitu usoni pake kilichofanana sana na fahari.

Bi Zuhura alifunika kalamu. "Sahihi siweki. Kanuni mnaijua. Mwakani, katikati ya baridi, nitakuja mwezi wa saba, na nitakuja na swali la kumi na mbili." Alikunja fomu. "Na hilo swali nitaliandika kwenye fomu za wote, si zenu peke yenu. Kuna unga wa aina hii unatengenezwa sehemu nyingine tatu. Huko kote nilishaweka sahihi." Alisema hivyo polepole, na alipofika mwisho alisimama haraka kama mtu aliyekumbuka jiko linaungua. "Naomba simu yenu. Ya kwangu haishiki huku."

*

Kumwambia Milembe kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mkaguzi. Milembe alikuwa anaanua mashuka. Alisikiliza, akakunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mwaka mzima," alisema.

"Mwaka mzima, dada. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha, utaniliza na nina mama yuko nusu njia." Aliingia zahanati. Kabla hajafunga mlango alirudisha kichwa nje. "Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Lakini leo nimekukasirikia, niache nikasirike mpaka kesho."

Kalunde alimwacha. Alikuwa na kazi nyingine. Mizinga iliyokufa ilifika thelathini na saba, ya familia kumi na mbili, na yeye alikwenda kwa kila familia kwa miguu yake, kwa kuwa muhuri ulikuwa wake. Wengine walimkaribisha uji. Mzee mmoja alimfokea nusu saa nzima, akapumzika, akanywa maji, akaendelea. Hakuna aliyemfukuza. Na jioni ya siku ya tano alimkuta Mwalimu Ndalahwa kwenye uwanja wa kijiji, amekaa kitako kwenye mavumbi na suruali yake ya ofisini, anafundishwa na Mama Nyamizi kusuka kofia za nyasi.

"Anasuka kama anayefunga kuku miguu," alisema Mama Nyamizi. "Lakini hakati tamaa."

"Mzinga ukifa, bati lake linafanywa nini?" mwalimu aliuliza bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Wenye alama wanakaa wanakubaliana. Wengine hufanya beseni, wengine bomba la moshi." Nyasi zilisimama mkononi mwa Mama Nyamizi. Alimtazama Kalunde, kisha akatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye paa la chumba cha kujifungulia lenye kutu. "Huyo mkaguzi wenu. Anakagua nini hasa?"

"Kinachouzwa," Kalunde alisema, naye akaligeukia paa lile.

"Bati la mzinga uliokufa haliuzwi."

Walimpigia Bi Zuhura simu, kwa kuwa sasa hawakutaka tena kufanya lolote kimyakimya. Alicheka kwanza. Kisha akatoa masharti kama mtu anayesoma orodha ya sokoni: kipimajoto ndani ya chumba, asubuhi na jioni, mkunga aandike, jamvi juu ya paa lenye kamba ya kulikunja na kulikunjua, na jina la mtu anayewajibika kuivuta kamba hiyo. "Jina, si cheo," alisema. "Vyeo husahau."

*

Oktoba ilikuja na hasira zake zote. Mchana wa tarehe kumi na nne mbwa walilala kwenye mitaro, na mabati ya duka la ushirika yalilia kwa kutanuka. Kalunde alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kujifungulia, akisubiri. Juu ya chumba, mabati thelathini na saba ya mizinga yaliyonyooshwa kwa nyundo na kuunganishwa yalikuwa meupe mno hata hayakutazamika. Jamvi kubwa lilikuwa limekunjwa kwenye ukingo wa paa kama ulimi wa mtu aliyeshiba. Kule msituni mizinga iliyobaki ilikuwa wazi bila kofia, na miti imetoa maua.

Mtoto alilia ndani. Kilio chembamba, kikali, cha mtu mwenye nguvu za kulalamika.

Baada ya muda Milembe alifungua mlango. "Ingia, lakini usiseme kitu kwa sauti."

Ndani palikuwa kama chini ya mti mkubwa uliomwagiliwa. Mama mtoto alikuwa amelala upande, uso umetulia, na mtoto juu ya kifua chake alikuwa ndani ya kanga kavu. Kalunde alitazama kipimajoto ukutani: ishirini na nane. Nje ilikuwa thelathini na tisa.

"Angalia juu," Milembe alinong'ona.

Chumba hakikuwa na dari. Kwenye upande wa chini wa kila bati, pale nyundo ya muhuri ilipobonyeza, alama zilikuwa zimetokeza kwa nyuma: mistari mitatu na nukta, kichwa cha mkuki, jozi ya miraba, alama za koo kumi na mbili, na kando ya kila moja, jua dogo lenye miale sita.

Mama mtoto naye alikuwa anaziangalia. "Hizo alama ni za nini, nesi?"

"Za wenye paa," alisema Milembe. "Likifanya vizuri wanaitwa. Likiharibika wanaitwa."

Karibu na mlango kulikuwa na karatasi ya zamu za kamba, iliyochorwa mistari kwa rula. Mwezi wa tano ulikuwa na jina la Mama Nyamizi. Wa saba, Mwalimu Ndalahwa, mwandiko wake wa ubaoni. Wa sita, ambao baridi huanza na watu huwa bado hawajaamini, ulikuwa mtupu. Kalunde aliomba kalamu kwa dada yake, akaandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, kisha akalisoma tena kuhakikisha linasomeka.